Nani Ajuaye Ndege Itakuwa Tayari Saa Ngapi?



Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatufanyi kazi kwenye viwanja vya ndege. Tunakata miwa, tunachuma chai, tunafunga maua, tunasimamia mashine. Mtu anaweza kuuliza: habari za ndege za Ulaya zinatuhusu nini? Nitaeleza. Lakini nitaanza na gari la miwa, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa utingo wa gari la miwa. Jambo hili nililielewa kwa njia hiyo, na nadhani nanyi mtalielewa hivyo hivyo.

GARI KWENYE FOLENI YA MIZANI

Miwa ikishakatwa haingoji. Kila saa inayokaa juani inakauka, uzito unapungua na sukari inapungua. Na mkata miwa wa kwetu halipwi kwa jasho lake. Analipwa kwa tani, na tani inahesabiwa kwenye mizani ya kiwanda, si shambani.

Usiku mmoja kinu kiliharibika. Fundi wa zamu alijua tangu saa nne usiku kwamba matengenezo yangechukua siku nzima au zaidi. Karani wa mizani alipata habari saa sita. Lakini nyapara wa shamba hakuambiwa. Saa kumi na mbili asubuhi wakataji wakaingia shambani kama kawaida, wakakata mpaka mchana. Sisi tukapakia, tukaondoka, tukakuta magari yamepangana barabarani mbali na lango. Tulilala huko siku mbili.

Mzee mmoja mkata miwa alipoletewa karatasi yake ya tani, aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huko kiwandani hawana midomo?" Sikuwa na jibu.

Hapakuwa na mtu aliyekusudia kumdhulumu mzee yule. Fundi alifanya kazi yake, karani alifanya kazi yake, nyapara naye alifanya yake. Ila habari ilibaki kwa aliyekuwa nayo, na hasara ikamfikia asiyekuwa nayo. Shikeni neno hilo, maana ndilo kiini cha makala hii.

UWANJA WA NDEGE NI KAMA KIWANDA

Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya vyama vya wafanyakazi, nilikaa na wenzetu wanaopakia mizigo kwenye ndege. Nikajifunza kwamba uwanja mkubwa wa ndege una foleni ya mizani kama yetu, ila magari yake yana mabawa.

Hebu tutazame kazi inayofanyika ndege ikitua na kujiandaa kuruka tena. Ndege inasimama mahali pake. Vizuizi vinawekwa kwenye magurudumu. Ngazi au daraja la abiria linasogezwa. Abiria wanashuka. Wapakiaji wanafungua matumbo ya ndege na kutoa mizigo. Wafagizi wanaingia. Gari la chakula linakuja, gari la mafuta linakuja, gari la choo na gari la maji. Fundi anakagua. Mizigo mipya inapakiwa. Abiria wapya wanapanda. Mlango unafungwa, na trekta la kusukumia ndege nyuma linafungwa mbele. Rubani anaomba ruhusa kwenye mnara, anawasha injini, anaondoka.

Katika safari hiyo moja wamo watu wa makampuni mbalimbali. Uwanja una mwenyewe. Ndege ina mwenyewe. Wapakiaji wana mwajiri mwingine, mafuta mwingine, usafi mwingine. Waongozaji wa ndege mnarani wako chini ya shirika lao. Katika Ulaya mgawanyiko huu uliongezeka baada ya mwaka 1996, Jumuiya ya Ulaya ilipotoa agizo la kufungua kazi za kuhudumia ndege zishindaniwe na makampuni mengi. Pale palipokuwa na mwajiri mmoja wa wapakiaji, wakaja wawili, watatu. Kila kampuni ikawa na redio yake, karatasi yake, na siri zake.

Matokeo ni rahisi kuyaona. Mpakiaji anajua kwamba kontena moja limekwama na ndege haitakuwa tayari saa 4:00 asubuhi. Mnarani hawajui. Wao wamekwisha kuipangia nafasi angani. Saa 4:00 inafika, ndege bado, nafasi inapotea. Upande wa pili kuna ndege iliyo tayari tangu saa 3:50, lakini hakuna aliyemwambia dereva wa trekta, naye yuko mwisho mwingine wa uwanja.

Na utaratibu wa zamani wa kuondoka ulikuwa kama wa kisima cha kijiji: aliyetangulia kufika ndiye huteka. Rubani akiita "niko tayari", anaruhusiwa kuwasha injini na kwenda kupanga foleni karibu na njia ya kurukia. Ndege kumi zinangoja huku injini zinanguruma. Ndege ya kawaida ya safari za kati, kama Airbus A320, ikitembea chini huchoma mafuta kiasi cha kilo 10 hadi 12 kila dakika. Ikingoja robo saa katika foleni, imechoma kilo 150 au zaidi bila kwenda popote. Na moshi wake unavutwa na nani? Na mpakiaji aliye chini, si na mwenye hisa.

MFANO WA MUNICH

Katika Ujerumani ya kusini kuna mji wa Munich, na uwanja wake wa sasa ulifunguliwa mwaka 1992. Mwezi Juni 2007 uwanja huo ulikuwa wa kwanza katika Ulaya kuendesha kikamilifu mpango unaoitwa uamuzi wa pamoja wa uwanja wa ndege. Wenye uwanja na shirika la waongozaji wa ndege la Ujerumani waliuendesha pamoja, wakaingiza makampuni ya ndege na makampuni ya kuhudumia ndege. Mshiriki mwingine ni Eurocontrol, shirika la nchi za Ulaya lenye makao Brussels, linalopanga matumizi ya anga yote ya Ulaya.

Mpango wenyewe si mtambo wa ajabu. Ni makubaliano. Wote wanakubali kutazama picha moja ya mambo, na kila mmoja anakubali kuleta habari aliyo nayo mapema, hata ikiwa ni habari mbaya. Safari ya ndege imegawanywa katika vituo 16: tangu mpango wa safari unapothibitishwa saa tatu kabla ya kuondoka, kisha ndege inaporuka kutoka uwanja ilikotoka, inapotua, inaposimama, huduma zinapoanza, abiria wanapoanza kupanda, mpaka inaporuka tena. Kituo kimoja kikichelewa, wote wanaona, na vinavyofuata vinapangwa upya.

Kuna saa mbili ambazo mfanyakazi anapaswa kuzifahamu.

Ya kwanza ni SAA YA KUWA TAYARI. Hii ni saa ambayo milango itakuwa imefungwa, ngazi au daraja limeondolewa, trekta lipo, na ndege inaweza kuondoka papo hapo ikiruhusiwa. Saa hii haitajwi na mnara. Inatajwa na kampuni ya ndege au kampuni inayoihudumia, kwa sababu wao ndio wenye watu walio karibu na ndege. Ikibadilika kwa dakika 5 au zaidi, lazima watangaze.

Ya pili ni SAA YA KUWASHA INJINI. Hii inatolewa na mnara baada ya kuhesabu ndege zote zitakazokuwa tayari, uwezo wa njia ya kurukia, muda wa kutembea kutoka pale ndege iliposimama, na nafasi iliyotolewa na Brussels. Kwa kawaida inatolewa dakika 40 kabla ya saa ya kuwa tayari.

Tuchukue mfano. Msimamizi wa ndege anatangaza kuwa itakuwa tayari saa 4:00. Mnara unahesabu, unajibu: washa saa 4:12. Basi rubani anangoja mahali pake, injini kubwa zimezimwa, mpaka saa 4:12. Foleni bado ipo, lakini imehama. Imetoka kwenye njia ya kurukia ambako inachoma mafuta, imekwenda kwenye karatasi ambako haichomi kitu. Na wapakiaji wamejua kwamba wanazo dakika 12 zaidi za kutia mzigo wa abiria aliyechelewa, bila kukimbizana.

Faida nyingine ni ya anga. Ndege zinazopita mahali penye msongamano hupewa na Brussels nafasi ya kuruka: dakika 5 kabla ya saa iliyotajwa mpaka dakika 10 baada yake. Zamani Brussels walipanga bila kujua hali halisi ya chini. Sasa uwanja unawapelekea habari tangu saa tatu kabla, na nafasi hazitupwi ovyo.

Mwaka 2016 Eurocontrol walichapisha uchunguzi wa viwanja 17 vilivyokuwa katika mpango huu. Katika vingi vyao muda wa kutembea chini ulikuwa umepungua, kutoka chini ya dakika moja hadi dakika kama tatu kwa kila ndege inayoondoka. Dakika moja ni kitu kidogo. Lakini zidisha kwa mamia ya ndege kwa siku, na kwa siku za mwaka mzima, na kwa kilo 10 za mafuta. Hesabu hiyo mwenye mali anaijua sana.

THELUJI YA HEATHROW

Wengine hawakuja mpaka walipopigwa na mambo. Tarehe 18 Desemba 2010 theluji nzito ilianguka juu ya uwanja wa Heathrow, London. Ndege zilizoegeshwa zikazingirwa na barafu mahali zilipokuwa. Kusafisha njia ya kurukia peke yake hakukusaidia, maana ndege hazikuweza kuifikia. Maelfu ya abiria walilala sakafuni, na siku kadhaa safari nyingi sana zikafutwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka uliofuata ulikosoa maandalizi na jinsi habari zilivyopelekwa baina ya wahusika. Mwaka 2013 Heathrow nayo ikawa imeingia kikamilifu katika mpango wa uamuzi wa pamoja. Uwanja wa Schiphol huko Amsterdam, ambako maua mengi kutoka Naivasha hushushwa, uliingia mwaka 2018.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa mashamba ya maua, kamba hii inafika mpaka kwenu. Waridi ulilolikata alfajiri, likakaa penye joto kwa sababu ndege haikutajwa saa yake ya kweli, litarudi kama lawama juu ya meza ya kufungia maua.

MFANYAKAZI YUKO WAPI KATIKA MPANGO HUU?

Sasa tufike kwenye jambo letu. Ukisoma orodha ya wahusika wa uamuzi wa pamoja utaona: mwenye uwanja, kampuni ya ndege, kampuni ya huduma, waongozaji wa ndege, Brussels. Mfanyakazi hatajwi. Na hali habari muhimu kuliko zote, yaani saa ya kuwa tayari, inaanzia kwenye macho yake. Ni yeye anayeona kontena limekwama. Ni yeye anayejua kwamba leo wako watu wanne mahali pa sita.

Mambo matatu yanaweza kuharibika hapo.

La kwanza ni uongo. Mwajiri anapenda saa nzuri. Msimamizi anaogopa kusema "tutachelewa dakika 20", anatangaza saa ileile ya ratiba na kuomba Mungu. Katika viwanja vya Ujerumani, saa ya kuwasha ikishatolewa, saa ya kuwa tayari inaweza kubadilishwa mara 3 tu. Aliyedanganya mwanzoni anamaliza nafasi zake. Hapo ndipo amri inashuka chini: kimbieni! Na mtu akikimbia kati ya matrekta, mikanda ya mizigo na injini, hahatarishi dakika, anahatarisha mguu wake.

La pili ni lawama. Makampuni ya ndege duniani hutumia namba kuandika sababu za kuchelewa. Namba 93 maana yake ndege ilichelewa kufika kutoka safari nyingine. Namba 32 ni kupakia na kupakua mizigo, na ndani ya namba 32 hiyo hiyo umetiwa upungufu wa wapakiaji. Tazameni vizuri. Mpakiaji mzembe na mwajiri aliyepunguza wapakiaji wanaandikwa namba moja! Anayesoma karatasi ofisini haoni tofauti. Chama kisichouliza namba gani imeandikwa kitaikuta siku ya kikao cha nidhamu.

La tatu ni upelelezi. Kifaa kinachoonyesha kazi ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi, kinaonyesha pia nani aliifanya. Habari iliyokusanywa kwa ajili ya ndege inaweza kugeuzwa fimbo ya mtu. Hapa Wajerumani wana kinga ya kujifunza. Sheria yao ya mwaka 1972 kuhusu mabaraza ya wafanyakazi, kifungu cha 87, inasema mwajiri hawezi kuweka mtambo wa kuchungulia mwenendo au utendaji wa wafanyakazi bila baraza lao kukubali. Wanakaa mezani kwanza, wanaandika mapatano: habari hii itatumika kwa hili, haitatumika kwa lile.

KIOO HAKIPAKII MIZIGO

Tena msidhani kwamba kupeana habari kunatosha. Wakati wa ugonjwa wa korona viwanja vingi vya Ulaya vilipunguza wafanyakazi. Mwaka 2022 abiria wakarudi kwa wingi, watu wa kazi hawakurudi. Tarehe 23 Aprili 2022 wapakiaji wa KLM huko Schiphol waligoma kupinga kazi yao kupelekwa kwa kampuni nyingine, na uwanja ukajaa. Majira hayo ya joto Schiphol wakalazimika kuweka kikomo cha abiria. Heathrow nao, mwezi Julai, wakaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku. Viwanja hivyo viwili vyote vilikuwa na uamuzi wa pamoja. Vioo vyote vilikuwa vinawaka. Vilionyesha kwa usahihi kabisa kwamba mizigo haikuwa na watu wa kuipakia.

Nini kilichosaidia? Schiphol walikaa na vyama vya wafanyakazi, na mwezi Juni 2022 wakakubaliana nyongeza ya euro 5.25 kwa saa katika majira hayo, kwa walinzi wa ukaguzi, wapakiaji, wafagizi na wengine. Uamuzi wa pamoja wa kweli ulikuwa ule, na ndani yake mfanyakazi alikuwa na kiti.

TULIVYOFANYA SISI

Narudi kwenye miwa. Baada ya hasara ile, chama kilidai kiwanda, uchukuzi na shamba wakutane kila jioni. Likawekwa daftari: kinu kimesimama saa ngapi, gari limefika saa ngapi, limepimwa saa ngapi. Na karani akaagizwa kumpigia nyapara simu mara kinu kinaposimama, hata iwe usiku wa manane. Foleni ikapungua kweli.

Lakini mwezi wa pili utingo watatu wakaitwa ofisini. Kosa? Daftari limeonyesha wamechelewa. Daftari tulilolidai wenyewe! Ikabidi turudi mezani. Tukapata maneno mawili yaliyoandikwa na kutiwa sahihi: saa za daftari hazitatumika kumwadhibu mtu bila chama kusikiliza sababu, na miwa iliyokatwa kabla ya habari ya kinu kufika shambani itahesabiwa kwa uzito wa siku iliyokatwa. Neno hili la pili lilichukua miezi mitano ya mabishano. Yule mzee hakulifaidi sana, alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Kwa hiyo mwajiri wako akija na kifaa kipya au kikao kipya cha "ushirikiano", usikikatae kwa kuwa ni kipya, wala usikipokee kwa kuwa kina jina zuri. Pelekeni maswali haya kwenye mkutano wa tawi:

1. Habari inayokusanywa inatoka kwa nani, na nani anaiona? Je, sisi tunaoitoa tunaiona?

2. Saa au kiasi cha kazi kinatajwa na nani? Aliye karibu na kazi anasikilizwa kabla hakijatajwa?

3. Kukiwa na ucheleweshaji, sababu inaandikwa vipi? Upungufu wa watu unaandikwa peke yake, au unafichwa chini ya jina la uzembe?

4. Kuna mapatano yaliyoandikwa kwamba anayetoa habari mbaya mapema hataadhibiwa?

5. Faida ikipatikana, ya mafuta, ya muda, ya uzito, fungu la mfanyakazi ni lipi?

Swali la nne ndilo mlango wa mengine yote. Mtu akipigwa kwa kusema kweli, kesho atanyamaza, na mitambo yote ya Ulaya haitaijua saa ambayo ndege itakuwa tayari.

Umoja ni nguvu.